Jina Kwenye Mfuko wa Damu

Mimi nina mdomo, na sioni haya kulisema. Mtaa wetu wote wa Kimanga unajua. Ukinipitia na pikipiki karibu na cherehani yangu ukanirushia matope, nitakutukana wewe, pikipiki yako na aliyekufundisha kuiendesha. Motari, wale vijana wanaobeba abiria kwa pikipiki, walinibatiza Mama Kelele ingawa sikuwa bado mama wa mtu. Nilikuwa na haki ya kuwachukia. Mmoja wao alinibwaga barabarani nikitoka soko la Sange, akakimbia, akaniacha nimelala ukingoni mwa shamba la mpunga na paja limepasuka.

Walioniokota walinikimbiza kwa Docta. Wakati huo, ukisema "kwa Docta," Uvira nzima ilijua ni Docta Dieudonné. Alianza na chumba kimoja cha kuchoma sindano nyuma ya nyumba ya mama yake. Chumba kikazaa vyumba, vyumba vikazaa ghorofa ya rangi ya njano ambayo taa zake hazikuzimika hata mji mzima ukiwa gizani. Kisha akachukua timu ya mpira iliyokuwa inakata roho, akaiita Mikeke kwa jina la samaki wetu, akaivisha njano ileile. Mimi ndiye niliyekuwa nashona namba za jezi zao. Maneno hayakukosa. Wengine walisema hakusomea udaktari, alisomea uuguzi tu, na hata huo aliuacha njiani. Wenzao waliwajibu: "Na yule aliyemaliza kusoma, yuko wapi mke wako akishikwa na uchungu?"

Siri ya Docta ilikuwa damu. Kwingine mgonjwa akihitaji damu, ndugu zake wanatumwa kutafuta ndugu wengine, na mjomba akipatikana huko mashambani, mgonjwa ameshafunikwa shuka. Kwa Docta damu ilikuwapo saa zote, na ilikuja na jina. Kwenye kila mfuko palibandikwa plasta nyeupe, na juu ya plasta jina la mchezaji na namba ya jezi yake. Ulikuwa unalala pale ukimtazama kiungo wa Mikeke akikuingia mkononi tone kwa tone. Ukipona, mchezaji mwenyewe analetwa, anasimama kando ya kitanda, mnapigwa picha, na picha inazunguka kwenye simu za watu mpaka mji wa Baraka.

Habari ya undugu hatukufundishwa na Docta. Hiyo tulijitungia wenyewe. Kwetu damu si maji ya bomba. Wazee wa bonde la Ruzizi bado wanakumbuka watu walivyokuwa wakinywana: wawili wakionjana damu, hawawezi tena kusalitiana, na watoto wao hawaoani. Kwa hiyo mama aliyewekewa damu ya Manirakiza, namba nane, alisema, "Huyu sasa ni mwanangu," akaanza kumpelekea samaki wa ndagala. Aliyepata ya beki alimwita beki kwenye matanga, akamketisha na wafiwa. Uwanjani kila ukoo ulikuwa na mahali pake nyuma ya mchezaji wake. Sijaona timu iliyopendwa namna ile, na Docta, na viatu vyake vyeupe, alikaa jukwaani akipokea mikono kama askofu.

Mfuko wangu uliandikwa: TOUSSAINT 1.

Toussaint ni kipa. Walipomleta kusimama kando ya kitanda changu alikuwa anaona haya kuliko mimi, na kwenye picha ile tuliyopigwa anaonekana ameangalia dirisha. Alirudi kesho yake bila mpiga picha. Akarudi tena. Niseme ukweli, nilimpenda mapema, kabla hata paja halijafunga, na nilipoanza kutembea tulitembea pamoja. Hatukuwaza undugu wowote. Kwetu sisi ile plasta ilikuwa ndiyo mshenga.

Baba yake ndiye aliyewaza. Mzee Bigirimana ni mkulima wa mpunga wa Sange, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, mtu ambaye neno lake likitoka halirudi. Mke wake, Mama Apollinarie, alikuwa ameokolewa kwa Docta kwa mfuko wa Manirakiza 8, na tangu siku hiyo kila mavuno mzee alimpelekea Manirakiza gunia la mchele, akimwita kijana wangu. Alipokuja kwa mama yangu kuniposa alicheka, akasifu samaki wetu, mpaka mtu mmoja wa upande wao akatoa simu kumwonyesha picha ya mimi na Toussaint hospitalini, mfuko ukining'inia katikati yetu.

Mzee aliitazama muda mrefu.

"Mama Charlotte," alimwambia mama yangu, "huyu mutoto wako iko na damu ya mutoto wangu ndani?"

"Iko nayo, Papa. Hiyo njo ilimuponesha."

"Basi iko dada yake. Mutu haoe dada yake."

Akasimama, akashukuru kwa chakula, akaondoka. Nililia, nikapiga ukuta. Toussaint alikwenda kumpigia magoti, akarudi ameinamisha uso. Baba yake alikuwa ameshaongea na watu wa kijiji cha Lubarika juu ya binti yao mmoja, Noella. Baada ya fainali ya Jumapili wangepeleka pombe ya uchumba, na mtoto wa Bigirimana akishapelekewa pombe, imekwisha.

"Na weye utakubali?" nilimuuliza.

"Ni baba, Amandine. Nitamukimbia niende wapi?"

Nilitaka kumpiga. Lakini alisema na kitu kingine, polepole, kama mtu anayeokota mwiba: siku ya ajali yangu timu yote ilikuwa Bukavu. Damu yake alikuwa ameitoa zamani sana kabla ya hapo. Alipouliza, Docta alimwambia ilikuwa imehifadhiwa. "Sijui damu inahifadhiwa miezi ngapi," alisema. "Minye niko kipa tu."

Kesho yake nilichukua bendera ya fainali niliyokuwa nimeimaliza, nikaipeleka kwa Docta mwenyewe ofisini. Alikuwa na sauti ndogo, ya kukulazimisha uiname kumsikia. Aliishika bendera, akasifu mishono.

"Docta," nilisema, "ule mufuko wangu ulikuwa wa Toussaint kweli?"

Hakuinua macho. "Ulisoma jina."

"Nilisoma plasta. Nauliza damu."

Akaikunja bendera vizuri, pembe kwa pembe, akaenda kufunga mlango. Nilisikia ufunguo ukizunguka. Aliporudi alikaa karibu kupita kiasi.

"Sikia, Amandine. Kama mufuko moja iko na jina ya uongo, basi yote iko na jina ya uongo. Unaelewa? Mukisha kusema hivyo kwa mutu moja huku Kimanga, mangaribi batakuwa banaisema mpaka mutaa wa Kavimvira. Na kesho hakuna mama atakubali kuwekewa damu hapa. Atakufa akiangalia mufuko, anauliza iko ya nani."

"Basi mwambie Mzee Bigirimana peke yake. Chini chini. Ni mtu wa neno."

"Mutu wa neno njo anasema sana."

"Docta, Jumapili wanamwoza mume wangu kwa mwingine!"

"Na miye Jumapili niko na fainali," alisema. "Ukienda kupiga kelele, piga. Bote banakuita Mama Kelele. Nani atakuamini?"

Alinifungulia mlango. Ngazini nilikutana na mke wake, Mama Honorine, muuguzi aliyekuwa akisimamia chumba cha damu. Alinitazama kwa huruma, akafungua mdomo, akaufunga. Nilitoka pale na hasira, na mbele ya lango motari wakanipigia honi kunichokoza. Niliwatukana mpaka sauti ikakauka.

Jumapili jua lilikuwa kali, milima ya Mitumba ikionekana karibu utadhani unaweza kuigusa. Uwanja ulijaa njano. Nilisimama upande wa goli la Toussaint na sikuona mpira wowote. Nilikuwa namwona Mzee Bigirimana ng'ambo, na Mama Apollinarie kando yake, na jamaa zake waliovaa koti tayari kwa safari ya Lubarika. Kila dakika iliyopita ilikuwa inaninyang'anya mtu wangu.

Kipindi cha pili Manirakiza alianguka. Hakuguswa na mtu. Alikuwa anakimbia, akapunguza, akapiga magoti, akalala.

Mama mmoja aliruka kamba. "Mutoto wangu!" Mwingine nyuma yake. Kisha wazee wawili, kisha mwanamke mwenye mtoto mgongoni, kisha kundi zima kutoka mtaa wa Mulongwe. Mzee Bigirimana alivuka uwanja kwa fimbo yake, na Mama Apollinarie akimfuata mbio. Huo ndio ulikuwa utaratibu wetu, mwenye damu yako akianguka unakwenda. Lakini walizidi kuja. Wenye machela walikwama. Refa alipuliza filimbi akaacha. Katikati ya uwanja palikuwa pamejaa baba na mama wa kijana mmoja, na kila mmoja akimsukuma mwenzake apite.

"Nipisheni, minye niko mama yake!"

"Hata minye!"

"Ulipata lini?"

"Mwezi wa pasaka."

"Pasaka? Na minye ni pasaka!"

Walianza kutazamana. Kwanza kuna mtu alicheka. Kisha hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimeshaingia uwanjani na mimi, na niliuona mstari wa jasho ukishuka kwenye shingo ya Mzee Bigirimana.

Mtu alimmwagia Manirakiza maji. Alifumbua macho, ilikuwa ni jua tu na tumbo tupu, akawaona wale wote wamemwinamia. Mzee Bigirimana alimwuliza kwa upole, kama baba: "Kijana wangu, ulitoa damu mara ngapi?"

Maskini, hakujua anachobomoa. "Mara moja tu, Papa," alisema. "Iliniumiza kichwa, sikurudia."

Neno lile lilizunguka uwanja haraka kuliko mpira. Niligeuka kutazama jukwaa. Kiti cha Docta kilikuwa kitupu na mlango mdogo wa nyuma ulikuwa wazi. Watu walianza kutoka, si mbio, wakitembea kwa haraka pamoja, bila wimbo, na wanaume wakiinama njiani kuokota mawe. Mimi niliwaza jambo moja tu. Wakimuua, nitamwuliza nani?

Nje ya uwanja kulikuwa na motari amesimama. Tangu ajali sikuwa nimepanda pikipiki. "Mama Kelele," alisema, "leo?" Nilipanda, nikafumba macho, nikamshika kiuno njia nzima.

Gari la Docta lilikuwa mbele ya jengo, injini inaunguruma, mlango wazi. Mpaka wa Burundi uko pale tu, angeshavuka. Nilimkuta juu, kwenye chumba cha wazazi, viatu vyake vyeupe vimechafuka, ameinama juu ya mwanamke aliyejifungua ambaye damu ilikuwa inamtoka. Mama Honorine alikuwa ametundika mfuko. Haukuwa na plasta.

"Wanakuja na mawe," nilisema.

"Najua. Bonyeza hapa." Nilibonyeza tumbo la yule mama kama alivyonionyesha. Tulifanya kazi mpaka Mama Honorine akasema damu imekata. Wakati huo tulishasikia kelele chini, na kioo cha kwanza.

Nilimshika Docta shati kwa mikono yangu yenye damu ya mtu mwingine. "Niambie sasa. Yangu ilikuwa ya nani?"

Alitazama dirisha. Akanitazama mimi. Alikuwa amezeeka ghafla.

"Yangu," alisema. "Siku ile hakukuwa na mutu. Nilijifunga mukono mwenyewe, nikakuwekea. Iko yangu."

Sijui nieleze vipi furaha niliyoipata mahali pale pabaya. Toussaint hakuwa kaka yangu! Furaha ikaja, na nyuma yake mara moja kitu kizito. Watu waliokuwa chini walikuja kumuua mtu ambaye damu yake ilikuwa inatembea ndani yangu. Mimi niliyeilaani ile imani yao, niliyepiga ukuta kwa ajili yake, nikajikuta nimeshikwa nayo shingoni. Damu ni nzito kuliko maji. Niliteremka ngazi.

Lango lilikuwa linapinda. Mbele ya wote alisimama Mzee Bigirimana, fimbo juu, machozi yakimtoka. "Miaka nalisha mutoto wa nani?" alikuwa anapiga kelele. "Bibi yangu iko na damu ya nani? Mutoe huyu mwongo!" Toussaint alikuwa nyuma yake, bado ana glovu, akimvuta koti bila nguvu.

Nilifungua mlango mdogo wa lango, nikatoka, nikaufunga nyuma yangu. Jiwe lilinipita sikioni. Kwa mara ya kwanza maishani ule mdomo wangu ulipata kazi yake.

"Papa Bigirimana! Nani alisema damu ni undugu?"

"Toka hapo, mutoto."

"Nauliza! Nani alisema? Nani alininyima Toussaint juu ya damu?"

"Ni minye," alisema. "Na sijarudisha neno."

"Usirudishe! Damu yangu haikuwa ya Toussaint. Docta alinitolea yake mwenyewe. Basi, kwa neno lako, Docta njo baba yangu, na mutoto wako tangu leo ni wa kuoa hapa. Ukimupiga huyu, unapiga mukwe wako. Inua fimbo nione!"

Nyuma mtu alipiga mluzi. Fimbo ilibaki juu, na nilijua kwamba ikishuka wote watapita juu yangu. Toussaint aliacha koti la baba yake, akaja kusimama kando yangu. Alinyoosha mikono yake miwili na zile glovu, kama golini.

Ni Mama Apollinarie aliyesogea. Alimshika mumewe kiwiko. "Damu ikuwe ya Manirakiza ao hapana," alisema, "minye niko hai. Unataka kumupiga aliyenifanya niwe hai?"

Mzee alishusha fimbo. Alikaa chini pale langoni, mgongo ukiegemea chuma, kama mtu aliyeshindwa na hesabu yake mwenyewe. "Mukwe hapigwi," alisema, na alisema kwa uchungu mkubwa. Watu wa Sange hawakuweza kumruka mzee wao. Wengine walivunja vioo vyote vya mbele, wakageuza gari, wakachana bendera niliyoishona, lakini langoni hawakupita, na polisi walipofika walimkuta Docta amekaa kando ya kitanda cha yule mama, akimhesabia mapigo ya moyo.

Walimfungia kasho, mahabusu ya polisi. Jengo likatiwa kufuli, timu ikasambaa, na jezi zangu sasa wanazivaa vijana wa kupakua magogo bandarini Kalundu. Mjini bado wanagombana. Kuna wanaosema aozee humo ndani. Kuna mama aliyekufa mwezi uliopita akisubiri mjomba atoke mashambani, na mume wake hataki kusikia Docta akitukanwa.

Mzee Bigirimana hakurudisha neno lake. Alikwenda Lubarika kuomba radhi, kisha akavaa koti lake la kanisani, akabeba pombe ya uchumba mpaka kasho ya polisi, akaomba kuongea na baba wa binti. Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Polisi hawakujua wafanye nini, wakawaruhusu. Docta aliinywa ile pombe kwa mikono miwili, akasema, "Nimekubali," na akanitazama haraka, kisha akatazama pembeni.

Mtazamo ule ulinikaa. Harusi ilipokaribia, Mama Honorine alikuja kupima gauni lake. Nilimpigia magoti kupima pindo, nikamwambia kwamba nikipata mtoto wa kiume nitampa jina la mume wake, kwa ajili ya damu aliyonipa.

"Amandine," alisema, "bwana yangu hajatoa damu hata tone moja. Anaogopa sindano. Ukimuchoma yeye mwenyewe, anazimia."

Pini zilinitoka mdomoni.

"Ilikuwa ya nani?"

"Mi njo nilikuwa naitoa na kuipima, yote, usiogope. Ya wachezaji haikutosha hata wiki. Ilikuwa ya bale motari ba kwenye lango. Bakikosa abiria, banaingia, banatoa, banakunywa soda, banaenda. Hatukuandika majina yao. Nani angependa kuona jina la motari?"

Sikumwambia Bigirimana, na sitamwambia. Toussaint nilimwambia, akasema tu tule. Docta alinidanganya siku ile, na bado sijui alidanganya ili aniokoe mimi au ajiokoe yeye. Kila Ijumaa nampelekea bugali na ndagala, naye ananiita "binti," nami naitika.

Lakini mjini sitembei tena kwa raha. Jana mvua ilikuwa imenyesha, na motari mmoja akapita kasi kando ya cherehani yangu, akanimwagia matope kuanzia kichwani mpaka kwenye gauni jeupe la mteja. Akasimama mwenyewe, akageuka, akangojea matusi yake. Wenzake nao walishaanza kucheka. Nilifungua mdomo. Nikamtazama uso, nikatazama mkono wake, pale kwenye kiwiko ambapo mishipa inaonekana, na maneno hayakuja.

"Polepole, ndugu yangu," nilisema.

Aliacha kucheka. "Mama Kelele," aliniuliza, "uko mugonjwa?"